Injini ya Marehemu Mbarouk

Konde, Jumatatu jioni

Mwanangu Faki,

Gari limewaka leo baada ya adhuhuri, na lilipozimwa limezimika. Amesema hivyo mjomba wako Kombo, aliyelizima kwa mkono wake, na mimi nimeshuhudia, kwa sababu alimtuma mtu aje anifuate dukani kabla hajaliwasha. Alizungusha ufunguo, akauchomoa, akaunyanyua juu ili niuone. Injini ikanyamaza papo hapo. Tukangoja. Hapakuwa na kikohozi wala zile ngurumo mbili. Kombo akajifuta jasho akasema, "Shemegi, andika hiyo." Naiandika, lakini naiandika kwako, si kwa gazeti.

Wewe hukuwapo. Ulikwenda kumuaga bibi yako, na najua ulipita njia ya nyuma ya msikiti ili usipite mbele ya banda letu la gari.

Habari za nguo, za chakula cha ugenini na za sala, mama yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena. Mimi nina jambo moja. Alkhamisi ulimwambia mama yako kwamba ukifika Dar es Salaam hutakwenda kwenye karakana iliyokupokea. Utatafuta kazi ya duka, au ya bandarini, au yoyote isiyokuwa na injini. Ulisema pia kwamba gari la mjomba wako hulipandi, hata kama itakubidi kwenda Mkoani kwa miguu. Mama yako alinieleza bila kuongeza neno. Nimekuwa nikipeleka habari za kisiwa hiki Unguja tangu hujazaliwa, na kazi hiyo imenifundisha kutomshauri mtu asiyejua habari yake yote. Wewe ya kwako huijui yote, maana tangu mguu wa Makame uvunjike hujaingia bandani, na mengi yamejulikana baada ya hapo. Soma kwanza, kisha uamue.

Nianzie bondeni. Injini ya Kombo ilipasuka bloku, kile kiwiliwili chake cha chuma, na bloku nzima ya aina ile ilikuwa moja tu karibu nasi: ile iliyomo katika gari la Mbarouk, lililopinduka na dereva wake pale konani na kulala bondeni masika mawili. Mbarouk alikuwa jirani yetu. Nyumba yake inatazamana na banda, njia tu katikati, na mkewe Bi Time yumo humo mpaka leo. Kombo alikwenda kumuomba ile injini. Alijibu, "Ichukueni, haina kazi kule. Ila siku ya kuiwasha mniambie." Nilikuwapo. Kombo alisema inshallah, na wewe ulisema inshallah.

Unakumbuka tulivyolikuta lile gari. Mitambaazi ilikuwa imeingia dirisha la kushoto na kutokea la kulia. Usukani ulikuwa mzima. Kofia ya Mbarouk ilikuwa bado juu ya kiti, imeota ukungu wa kijani, na Makame, utingo wetu asiyejua kunyamaza, akaichukua akataka kuivaa.

"Abiria wa Wete, pandeni!" akapiga kelele. "Dereva keshafika!"

Kombo akamtandika kofi la mgongoni, kofia ikaanguka ndani ya matope. Hakuna aliyeiokota. Mliivuta injini kwa kapi na kamba za jahazi mpaka barabarani, na tulipokuwa tukiipakia, maji ya mvua yalitoka katika tundu la plagi yakawa yanachuruzika kidogo kidogo, muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Niliyatazama nikafikiri ni maji tu. Bado nafikiri hivyo.

Kazi mliyoifanya bandani niliifuata kwa karibu, kwa sababu napenda kuona kitu kilichokufa kikitengenezwa na watu wasiokuwa na mashine. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Mlizimwagia mafuta ya taa na mafuta ya nazi, mkawa mnazigonga kwa kipande cha mti kila jioni, pole pole, mpaka asubuhi moja ya kwanza ikateleza upana wa ukucha. Ulikuja mbio ukaniamsha. Ringi za pistoni zililetwa kutoka Unguja na nahodha mmoja. Valvu ulizisaga mwenyewe kwa kijiti na unga wa kusagia chuma, ukizungusha kijiti baina ya viganja kama mtu anayepekecha moto.

Kisha ukaleta fikra yako. Gari la Kombo lilikuwa likishindwa kilima na shehena ya karafuu, abiria wakashushwa kwenda kwa miguu, na miaka hii ya vyama vya siasa, abiria aliyeshushwa kilimani anapata sababu ya kutopanda tena gari la mtu ambaye hakumpenda tangu awali. Ulipata kichwa cha injini ya gari dogo la kampuni ile ile. Matundu ya bolti yalikaa sawa, ila nafasi ya juu ya pistoni ilikuwa finyu zaidi, na wewe ukasema petroli ikibanwa zaidi itasukuma zaidi. Kombo alikuna kichwa. Mlikilaza kile chuma juu ya kioo cha kabati la duka, mkakisugua na unga mpaka kikawa laini kama sahani, na nafasi ikapungua tena. Viganja vyenu vilikuwa vya kijivu mwezi mzima. Fikra ile ilikuwa sahihi, Faki, na Kombo bado anasema hivyo. Gari lilipanda kilima kile kwa gia ya tatu na watu juu ya magunia wakishangilia.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Nirudi siku ya kwanza.

Haikupangwa kuwa siku ya kuwasha. Petroli ilitakiwa kuja Jumamosi, ikaletwa Jumatano baada ya adhuhuri na gari la samaki, na Kombo akasema hakuna haja ya kungoja. Jua lilikuwa kali, njia tupu, kuku wamejilaza vumbini kivulini. Makame alizungusha hendeli. Injini ikashika, ikatoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ikatulia ikavuma vizuri. Mlicheka nyote. Kombo akaiacha ikavuma mpaka ikapata moto, akazungusha ufunguo.

Haikuzimika. Ilikohoa, ikatikisika, ikanguruma mara moja, ikakaribia kufa, ikanguruma mara ya pili, ndipo ikanyamaza.

Kila mtu wa Konde anajua kwamba Mbarouk akifika nyumbani alikuwa akikanyaga mafuta mara mbili kabla ya kuzima. Ilikuwa ndiyo hodi yake. Ndipo mlango wa ng'ambo ya njia ukafunguliwa, Bi Time akavuka njia, hana haraka, amebeba bakuli lililofunikwa kawa. Akaliweka juu ya meza ya spana, baina ya plagi kuukuu.

"Bi Time," Kombo akasema, "ni petroli mbovu hino. Si kitu."

"Na hiyo petroli inaujua mlango wangu?"

"Basi injini ni mpya, haijazoea."

"Injini ni kuukuu, Kombo. Weye ndiye mpya." Akaliangalia gari tangu mbele mpaka nyuma, kama mtu anayemtazama aliyerudi safari kuona amekonda kiasi gani. "Siku nyingine msimzime kwa nguvu. Mwacheni azime mwenyewe."

Akarudi kwake. Bakuli lilikuwa na wali na mchuzi wa changu, bado moto. Hakuna aliyeula. Makame, anayekula mpaka vilivyokatazwa na daktari, alisema ameshiba.

Sasa inakuja sehemu yangu, na sitaipamba. Jioni ile nilifanya ninachofanya siku zote, nikatoka kwenda kuuliza watu. Nilikwenda kwa muuza kahawa, kwa fundi cherehani, kwa muadhini. Nikawauliza, "Mlisikia gari likinguruma mara mbili baada ya kuzimwa?" Muuza kahawa alisema amesikia gari tu. Muadhini alikuwa amelala. Fundi cherehani alinitazama kidogo, kisha akasema, "Mara mbili, ehe. Ndiyo. Kama Mbarouk." Baada ya isha niliporudi barazani, wote watatu walikuwa wamesikia mara mbili. Siku ya tatu mtu kutoka Micheweni alinihadithia kwamba Konde kuna gari linaloita jina la mke wa marehemu. Nilijua neno hilo lilikotoka. Lilitoka kinywani mwangu. Sikuwauliza watu walichosikia. Niliwapa cha kusikia, wakanirudishia.

Nilipaswa kujua. Nilipoanza kazi hii nilipeleka habari kwamba mkulima mmoja wa huku kaskazini ameanguka kutoka juu ya mkarafuu akafa. Niliambiwa na watu wawili, na nikaona wawili wanatosha. Wote wawili walikuwa wameambiwa na mtu mmoja. Gazeti lilipofika, marehemu alikuja nyumbani kwetu akiwa na bendeji ya mkono, akakaa, akanywa kahawa, akaniomba nimsomee. Nikamsomea yote. Alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Na nimezikwa wapi?" Mama yako mpaka leo hunikumbusha swali lile kila ninapojiamini kupita kiasi. Tangu hapo nahesabu mashahidi kwa wanakotoka, si kwa idadi yao. Lakini kwa gari la mjomba wako nilisahau, kwa sababu habari ilikuwa uani kwangu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosikia.

Ukweli mwingine ni kwamba mngurumo ulikuwapo. Sitakudanganya ili nikutulize. Gari lilinguruma kila lilipozimwa likiwa na moto, mara mbili kwa kawaida, mara nyingine tatu. Bi Time kila mara alitoka. Abiria wakaanza kupungua, na waliopanda walikuwa wakishuka kabla halijasimama sawasawa ili wasiwemo ndani wakati wa kuzima. Wewe ukaanza kunyamaza mezani. Nilikuona, na sikukuuliza, kwa sababu maswali yangu yalikuwa yameshafanya ya kutosha. Hapo nilikosea tena kwa upande wa pili.

Ijumaa moja baada ya hapo, tukiwa wote msikitini, kuna mtu aliingia bandani. Hilo hatukulijua siku hiyo. Tulichojua ni kwamba tangu Jumamosi injini ikawa inagonga. Kombo alidhani ni valvu. Ikawa inapata moto upesi, rejeta inachemka kabla ya kufika Wete, na ngurumo za baada ya kuzimwa zikawa ndefu.

Habari ya Makame unaijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha. Nitaiandika hata hivyo, kwa sababu nadhani umekuwa ukiitazama kwa upande mmoja. Ulisimama kilimani, pua ya gari ikitazama juu, kuchukua magunia. Ulizima. Ilinguruma, ikanyamaza. Breki ya mkono haishiki, sote twajua, kwa hiyo ukaliacha ndani ya gia ya kurudi nyuma kama anavyofanya mjomba wako na kama walivyofanya madereva wote wa kilima kile. Ukashuka, ufunguo ukautia mfukoni. Makame alikuwa nyuma. Gogo la kuzuilia tairi alikuwa amelikalia, akimenya chungwa, na akimtania msichana mwenye kapu la muhogo kwamba akipata mke kama yeye ataacha kazi ya kusukuma gari. Mchana mweupe. Watu saba au wanane wakitazama. Na gari likawaka peke yake, likarudi nyuma, likampanda mguu.

Waliokuwapo wote wanasema hivyo, na safari hii niliwauliza mmoja mmoja, mbali mbali, na swali langu lilikuwa, "Ulikuwa wapi, na uliona nini?" Wanakubaliana. Kebini ilikuwa tupu. Injini ilivuma kama mtu amekanyaga mafuta. Wewe ulisimama pembeni ya barabara ukautoa ufunguo mfukoni ukauangalia. Huyo msichana ndiye aliyenieleza hilo. Alisema, "Alikuwa akiuangalia kama haujui ni kitu gani."

Kombo aliifungua injini Jumapili iliyofuata. Wewe ulikuwa umejifungia chumbani. Mimi nilikaa juu ya debe nikitazama, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza alikifungua kichwa. Juu ya pistoni mlikuwa na masizi magumu, meusi, yamejikusanya ukingoni kama ukoko wa wali, na mengine yalikuwa yamegeuka mekundu kwa kuungua. Akanionyesha. Petroli ikibanwa sana na masizi yakiwa bado kaa la moto, haihitaji plagi wala ufunguo. Inawaka yenyewe. Ndiyo zile ngurumo. Na pale kilimani, gari likiwa ndani ya gia ya kurudi, breki ikateleza, uzito wa magunia ukalivuta nyuma. Tairi zikaizungusha injini kama vile inavyozungushwa injini ya gari linalosukumwa ili liwake. Ikavuta petroli, ikakuta kaa, ikashika. Kombo aliirudia habari hii mara tatu, kwanza kwangu, kisha kwa nafsi yake, kisha kwa sauti kubwa kuelekea dirisha la chumba chako. Sijui kama ulisikia.

Kisha akafungua tundu la chini amwage oili. Haikuwa nyeusi. Ilitoka rangi ya chai ya maziwa, nzito, na banda lote likanukia marashi.

Nimekaa na maiti waliozama, nimeingia nyumba zilizoungua, na sijapata kuogopa kama pale, saa ya jua kali, na harufu ya arusi ikitoka tumboni mwa lori. Kombo alichovya kidole, akanusa. "Marashi," akasema. "Na zafarani. Shemegi, mtu kainywesha kombe."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikuwa ameandikiwa aya sahanini kwa zafarani, akaziosha kwa maji ya marashi kama tunavyowafanyia wagonjwa wetu wote, akaja akafungua mdomo wa oili akamimina. Maji na oili havikai pamoja. Beringi zikaliwa, ndiyo kule kugonga. Injini ikazidi moto, na moto ukaongeza makaa.

Nilivuka njia nikabisha hodi. Bi Time alinikaribisha ukumbini, akaniletea maji. Nilimuuliza swali lisilokuwa na kitu ndani yake. "Bi Time, Ijumaa ile ulifanya nini?"

"Nilikwenda kumpa maji," akasema. "Walipokuja kuniita siku ile ya kona, nilimkuta ana pumzi. Akanambia, Time, kiu. Nikenda kutafuta maji. Bonde lile halina nyumba, baba Faki. Nilivyorudi keshakwenda." Alikunja ukingo wa kanga yake, akaukunjua. "Mie sikutaka aondoke. Watu wanasema Time kamfanyia dawa mumewe aondoke. Waongo. Alirudi na kiu yake, nikamnywesha. Kafurahi?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi yangu, na hili ndilo nililolijibu vibaya zaidi. Nilisema, "Alikunywa yote." Sikumwambia habari ya beringi. Sikumwambia habari ya mguu wa Makame na moto ulioongezeka. Kombo anajua, mama yako anajua, na sasa unajua wewe. Nakuomba isitoke hapo. Wala gazetini sijaandika hata mstari, ingawa mhariri wangu angeiweka ukurasa wa mbele.

Kwa hiyo hizo ndizo sababu: kipimo cha kubana petroli kilichozidi, breki mbovu, gogo lililokaliwa, na bakuli la maji lililomiminwa kwa mapenzi. Kipimo ni chako na cha Kombo. Breki ni ya Kombo peke yake, na amekiri mbele yangu bila kuulizwa. Gogo ni la Makame. Ukijibebesha yote hayo wewe, utakuwa unawanyang'anya wenzako vilivyo vyao. Na ukimpa marehemu, utakuwa umemzulia mtu asiyeweza kujitetea, na mimi nimeshamzulia mtu kifo, najua neno kama hilo linavyochukua muda kufutika.

Lakini nilisema nitakupa yote, na kuna moja sina maelezo yake. Lile bakuli la wali la siku ya kwanza lilikuwa letu. Bi Time alikuja kuliazima kwa mama yako asubuhi ile ya Jumatano, kabla ya saa tatu, akasema anataka bakuli na kawa kwa sababu ana mgeni wa mchana. Petroli ilikuwa haijaondoka Wete. Kombo mwenyewe alikuwa hajui kama angewasha siku ile, na hakuna aliyekwenda kumwambia, ingawa tuliahidi. Nimemuuliza mama yako mara nne, kwa njia nne. Habadilishi. Nilimuuliza dereva wa gari la samaki, akasema aliamua kuipakia petroli yetu pale pale gatini, kwa sababu nafasi ilibaki. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa. Nimeliacha mahali pake, na usiku nalala. Karakana utakayokwenda itakuwa na mambo kama hayo pia, machache. Hayakuzuii kufunga bolti inayojulikana.

Kombo ameweka gasketi mbili chini ya kichwa cha injini, moja juu ya nyingine, ili kuiongezea petroli nafasi. Amekwangua masizi yote, ametia beringi mpya, na breki ya mkono ameifunga upya, nimeijaribu kilimani mwenyewe. Nguvu ya kilima imepungua kidogo, si sana. Anasema kichwa chako hakitoi.

Leo lilipozimika, Bi Time alikuwa ameshatoka mlangoni. Alingoja, akangoja zaidi yetu. Kombo alikuwa anacheka, kisha akaacha. Bi Time akavuka mpaka nusu ya njia, hana kitu mkononi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Faki, mmemnyamazisha. Sasa mie n'tajuaje akija?"

Mama yako alitoka akamshika mkono, akamwingiza kwetu, na hivi ninavyoandika wamo jikoni wanakuna nazi. Nasikia wanazungumza habari za bei ya sukari.

Makame nilimtazama hospitali ya Wete jana. Mguu umefungwa plasta, na madaktari wanasema atatembea, pengine kwa kuchechemea. Nilimweleza yote, isipokuwa la kombe. Alisikiliza, kisha akasema, "Mwambie Faki, yakhe, mguu wangu umevunjwa na lori. Maiti hawana uzito ule." Kisha akasema jambo lingine, bila kucheka. Alisema kila gari linaposimama nje anahesabu akisikiliza linavyozimwa, na hawezi kuacha. Anataka kulisikia hili likizimwa. Na anataka uwe wewe.

Nimekubaliana na Kombo na mwangalizi wa wodi. Gari litaondoka mbele ya banda kesho asubuhi, tukimaliza sala ya alfajiri. Kombo ataliendesha mpaka Wete, na mimi nitakuwa nyuma na mizigo yako. Tutafika hospitali kiasi cha saa moja na nusu asubuhi, injini ikiwa na moto wake wote. Kitanda cha Makame kipo chini ya dirisha la pili, upande wa barabara, na litakuwa wazi. Kombo atasimama pale bila kuzima, atashuka, atakuachia usukani na ufunguo. Meli ya Mkoani inang'oa nanga saa saba mchana.

Baba yako